Mume wa Hodi

Mwaka mzima ule, kila jua likizama, Mzee Mbaruku Shemweta alipiga hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wala haikuwa hodi ya mtu aliyesahau ufunguo. Ilikuwa hodi kamili, ya mgeni mwenye adabu zake. Alisimama nje ya kizingiti, akavua kofia, akakohoa kidogo, ndipo akapaza sauti: "Hodi! Hodi wenyewe!" Na ndani mkewe, aliyezaa naye watoto na kuwaoza, akajibu, "Karibu, mgeni. Pita ukae."

Mimi niko ng'ambo ya barabara, saluni kwangu, nimeshika kichwa cha mtu, na kila siku nacheka mpaka mteja anauliza kulikoni. Namwambia nimekumbuka jambo. Nitasemaje? Mimi Semeni ndiye balozi wa nyumba kumi. Balozi akianza kutangaza anachokicheka, mtaa mzima utahama.

Kisa ni lile Sikio. Zamani serikali ilipoanzisha Ulezi wa wazee ilitaka kujua nani anaishi peke yake, ikatundika macho ya kioo milangoni. Wanawake wa Tanga wakayafunika kanga siku ile ile, kila jicho na kanga yake, na nyingine zilikuwa na maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Wahandisi wakarudi na Sikio. Wakaapa halisikilizi mazungumzo, linasikiliza kizingiti tu. Katika wahandisi wale lazima alikuwemo mmoja aliyelelewa na bibi yake, maana aligundua jambo ambalo sisi tunalijua tangu tukinyonya: mwenye nyumba hapigi hodi. Apigaye hodi ni mgeni, aingiaye kimya ni wa humo. Sikio linajumlisha hayo, na Ulezi wanajua nani mpweke na nani ana mtu.

Mpweke mwenye umri hupewa Mwandani. Kimo chake ni cha mtoto wa darasa la nne, viganja vyake ni vya mpira laini, na sauti yake haichoki. Anapika uji, anafua, anasoma gazeti, anajua saa ya dawa. Mwandani wa Bi Mwajabu, mke wa Mzee Mbaruku, alikuwa amefungwa kanga kiunoni, kwa kuwa Bi Mwajabu alisema hawezi kukaa nyumba moja na kiumbe kisichojisitiri.

Bi Mwajabu ana presha ya macho. Haoni tena ila vivuli, na hivyo vivuli vinabaki kwa sababu ya dawa ya matone anayotiwa asubuhi na jioni. Yakikosekana, giza. Mumewe mikono inamtetemeka tangu alipostaafu bandarini, kijiko cha chai kinafika mdomoni kikiwa kitupu. Watoto wako mbali. Basi wazee wawili wakakaa, wakapanga, wakaenda ofisi ya Ulezi wakasema wameachana. Kuanzia hapo mume akawa mgeni.

Mtaa wote tulijua na mtaa wote tulinyamaza. Mimi zaidi ya wote. Bi Mwajabu ni somo wangu. Ndiye aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, ndiye aliyenifunda nilipoolewa, ndiye aliyenipokea nilipoachika nikarudi na begi moja. Nimchome nani? Somo wangu? Thubutu.

*

Halafu Mwalimu Perpetua Mhina akaanguka bafuni.

Mwalimu anakaa nyumba ya kona, peke yake kwelikweli, hana mume wa kweli wala wa hodi. Ndiye aliyenifundisha kusoma, mimi na nusu ya mtaa, na mpaka leo akiona kibao cha saluni yangu ananiuliza nani kaandika "nyewele". Asubuhi ile sikumwona akifagia. Nikagonga, nikaita, nikaingia. Alikuwa kalala sakafuni tangu usiku, nyonga imevunjika, taulo kajifunika vizuri, midomo imekauka.

"Umechelewa, Semeni," aliniambia. "Shule ilishaanza."

Looh, nililia mimi, yeye ndiye akanibembeleza.

Hospitali walimtengeneza nyonga vizuri. Shida ikawa aende wapi akitoka. Nikainua bangili yangu ya ubalozi, nikaita Ulezi. Sauti inayojibu humo tumeibatiza Bi Ulezi. Ni sauti nzuri, ya mtu ambaye hajawahi kugombana na mtu.

"Mwalimu Perpetua anahitaji Mwandani," nikasema.

"Ni kweli, balozi. Ndiye anayefuata. Lakini nyumba kumi hupewa Mwandani mmoja, na wenu yuko kwa Bi Mwajabu, aliyeachwa na mumewe."

Sikuwahi kujua. Haki ya Mungu, sikuwahi kujua kwamba ni mmoja kwa nyumba kumi. Nilidhani ukiomba unapewa, kama chanjo.

"Na asipopatikana?"

"Ijumaa alasiri gari litamchukua hospitali kumpeleka makao ya wazee Handeni. Atatunzwa vizuri."

Handeni! Mwalimu aliyeijua kila herufi ya mtaa huu akafie Handeni kati ya watu wasiojua hata jina lake la pili? Bi Ulezi akaendelea, taratibu vilevile: "Kama balozi una shaka na nyumba yoyote, unaweza kutamka kabla ya Ijumaa. Mwandani atahamishwa siku hiyo hiyo."

"Na huyo niliyemtilia shaka?"

"Akithibitika kudanganya, anaondolewa kwenye Ulezi."

"Anaondolewa Mwandani tu."

"Anaondolewa kwenye Ulezi, balozi. Pamoja na dawa."

Nikaishusha bangili. Nilikaa kwenye benchi la hospitali, hasira zimenipanda na sijui nimkasirikie nani. Nikitamka, somo wangu anapofuka. Nikinyamaza, mwalimu wangu anapelekwa porini. Kicheko changu cha jioni chote kile kilikuwa kwenye mgongo wa mtu mwingine, na mtu huyo kalala bafuni usiku kucha.

*

Kesho yake Bi Mwajabu alikuja saluni, Mwandani kamshika mkono. Huja mara kwa mara nimsuke mtindo wa twende kilioni kidogo, asema mvi zake zikae kwa nidhamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilishajipanga, maneno yote mdomoni. Nikafungua kilemba chake, nikatia mafuta.

"Leo usinisuke," akasema. "Nipake tu. Nasukwa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mgeni wako wa magharibi," nikasema, na sikusema kwa utani mzuri.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani anacheka, nikazidi kukasirika. Kumbe analia.

"Semeni, mwanangu. Mimi si mke wa mtu tena."

"Somo, usinichezee. Mtaa wote unajua mnadanganya."

"Tulidanganya. Ofisini pale mashine ilikataa maneno yangu, ikasema lazima mume atamke kwa kinywa chake. Mbaruku akaniangalia, akacheka, akatamka. Mwajabu binti Hoza, nimekuacha talaka moja. Sisi tukadhani tumeiambia mashine. Tukarudi tukala pweza, tukalala. Nani aliyejua? Miezi imepita, nikamsikia shehe darasani msikitini, upande wa wanawake, anasema talaka haina mzaha. Ukitamka kwa kucheka, imepita. Mwanangu, chini ya baibui nilitota jasho. Nikamfuata. Nikamwambia, shehe, alikuwa anasema na mashine. Akaniuliza, mama, mashine ndiyo inaitwa Mwajabu?"

Mikono yangu ilisimama kichwani kwake.

"Si angekurejea tu? Neno moja."

"Eda ilishakwisha! Hakunirejea kwa kuwa hakujua kama kaniacha." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Tangu siku hiyo halali kwangu. Wewe unapokwenda jikoni kwako anatoka, anakwenda kulala kwenye karakana ya mpwa wake, juu ya mbao. Mtu mzima yule, na mgongo wake ule. Akija magharibi mlango nauacha wazi, Mwandani anakaa katikati yetu, tunakula, anaondoka. Ile hodi yake sasa ni hodi, Semeni. Na mimi nikimwambia karibu mgeni, roho inaniuma."

Hapo nilicheka. Nisamehewe. Nilicheka mpaka nikashika meza, na yeye machozi yanamtoka akacheka na mimi, tukawa wanawake wawili wendawazimu mbele ya kioo. Serikali walitaka kuidanganya, wakaishia kuiambia kweli.

"Basi si muoane upya!" nikasema. "Mahari, mashahidi, kwisha."

Akaacha kucheka. Akamtafuta Mwandani kwa mkono, akampapasa kichwa. "Nikiolewa huyu anaondoka. Nani atanitia matone? Nilimwambia Mbaruku, bora nikuone kama kivuli na wewe ni mgeni, kuliko nisikuone kabisa na wewe ni mume."

Nikazunguka, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba Mwandani ni mmoja kwa nyumba kumi. Nikamwambia kuhusu sakafu ya bafu, na taulo, na Handeni.

Watu wanamjua Bi Mwajabu kwa ulimi wake, lakini siku ile hakuwa nao.

"Mwalimu alikuwa akija kunisomea tanzia za magazeti kabla sijampata huyu," alisema mwishowe. "Kila Jumapili akitoka kanisani. Huyu alipokuja nikamwambia asijisumbue tena." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Unatutamka, mwanangu?"

"Sijui, somo," nikasema. Na kweli sikujua.

*

Nilimkuta Mzee Mbaruku karakana, kaketi juu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, balozi. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuuliza kama unaposa au huposi."

Akanitazama. Nikamweleza habari ya Mwalimu, nikamweleza na nilichokiuliza Ulezi asubuhi: mwanamke aliyeachwa akiolewa, Mwandani anahamia kwa anayefuata, dawa zinabaki. Alisikiliza, mikono yake ikicheza magotini. Akaniambia angeposa hata sasa hivi, lakini mwenye kukataa si yeye.

"Basi nitume. Nakuwa mshenga wako."

"Wewe mwanamke?"

"Una mwingine?"

Hakuwa naye. Nikavuka barabara na ujumbe. Bi Mwajabu, aliyekuwa analia jana, aliposikia posa akanyoosha mgongo, akajitanda vizuri, akaniambia nimwambie mposaji kwamba anatoka ukoo wa watu na atafikiriwa. Nikamwambia hatuna muda wa madaha, gari la Handeni ni Ijumaa. Akasema bila madaha haolewi. Nikangoja, akafikiri, akataja mahari yake. Hakutaka kanga wala pete. Alitaka atiwe matone, asubuhi na jioni, kwa mkono wa mumewe mwenyewe.

Mzee Mbaruku aliposikia, akainua mikono yake ile niione. "Amenikataa kistaarabu," akasema. "Kwa mikono hii nitamtoboa jicho."

"Hebu njoo," nikamwambia.

Nilimkalisha kwenye kiti kirefu cha saluni nyuma ya kiti cha mteja, nikakaa mimi chini yake, kichwa changu mapajani mwake kama mwari. Sisi wasusi tunajua jambo hili bila kufundishwa: ukinyoa kichwa cha mtoto anayetikisika usimshikilie, egemeza kiganja chako kwenye paji lake la uso, mkono wako uende anakokwenda. Akitetemeka, mnatetemeka pamoja, na wembe hautelezi. Nikamwekea kiganja chake kwenye paji langu. Nikampa kichupa cha maji. Tone la kwanza likaingia sikioni. La pili puani. Nilipaliwa, yeye akaomba radhi kwa Mungu na kwa marehemu mama yangu. Tulirudia mpaka blauzi ikanilowa kifuani. Mwishowe likaja moja, likadondoka katikati ya jicho, palepale.

"Limeingia?" akauliza.

"Limeingia, baba."

Akageuza uso akatazama ukutani, na mimi nikajifanya natafuta taulo.

*

Alibaki mmoja. Waliodanganya walikuwa wao, niliyenyamaza nilikuwa mimi, lakini aliyelala sakafuni alikuwa Mwalimu. Sikutaka arudi nyumbani akihudumiwa na Mwandani huku sisi tunaangaliana juu ya kichwa chake. Nikaenda hospitali, nikamweleza bila kupunguza.

Sikuwahi kumwona Mwalimu Perpetua akikasirika hivyo, hata siku tuliyomfungia kuku kwenye kabati la vitabu. Aligeuza uso dirishani.

"Nilipiga kelele usiku ule, Semeni. Unajua nilimwita nani? Mwajabu. Nilikuwa na hakika atanisikia, wasioona husikia sana. Kumbe Mwandani wangu alikuwa anamsomea gazeti."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Wewe ni balozi. Ulipaswa kutamka."

"Nilipaswa. Na sasa nakuuliza wewe. Ukisema nitamke, natamka hapahapa, bangili hii hapa." Nikaweka mkono wangu juu ya shuka yake. "Lakini ujue watamnyima dawa."

Muuguzi alikuja akapima joto, akaondoka.

"Nimewahi kufundisha mtoto anayeibia mtihani kwa sababu haoni ubao," alisema. "Unafanya nini? Ukimwadhibu umemwonea. Ukimwacha umewaonea waliosoma." Akapumua. "Mimi nilikuwa namhamishia kiti cha mbele. Kisha anaurudia mtihani, mbele ya wote." Akanitazama kwa yale macho yake ya kusahihisha. "Harusi ni saa ngapi?"

*

Ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Nilimpamba somo wangu kwa mikono ileile aliyoifunda yeye, nikamtia hina, nikamfukiza udi, na kila nilipokosea alinifinya. "Mwari wangu ndiye kungwi wangu," alisema. "Dunia imegeuka kichwa chini." Wanawake wa mtaa walijaa ukumbini, wengine wakiuliza kwa nini watu waliooana miaka yote wanaoana, na waliojua wakiwaziba midomo kwa halua.

Gari la Handeni lilimleta Mwalimu mpaka mlangoni, kwa kuwa alimwambia dereva hataondoka Tanga bila kuaga, na dereva alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Wakamshusha na kiti chake cha magurudumu. Dereva akabaki nje, injini inaunguruma.

Shehe akauliza, Mzee Mbaruku akajibu. Safari hii hakucheka hata kidogo. Alisema "nimekubali" kwa sauti iliyopasuka katikati. Vigelegele vikalipuka, na Sikio pale juu ya mlango likawasha kitaa chake cha njano.

Bangili yangu ikaita.

"Balozi," akasema Bi Ulezi, "tumesikia vigelegele vya ndoa mlangoni kwa Bi Mwajabu. Hongereni. Mwandani atahamia kwa Mwalimu Perpetua Mhina leo. Kabla hatujafunga faili, tunahitaji tamko lako. Je, kabla ya leo, nyumba hii ilikaliwa na mume na mke?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Hata watoto.

"Mume alimwacha mkewe kwa kinywa chake mbele yenu," nikasema. "Shehe yuko hapa, atakwambia ilipita. Eda iliisha. Mwanamume alikuwa akija hapa kama mgeni na kwenda kulala kwingine. Leo wameoana. Hilo ndilo tamko langu."

Kila neno lilikuwa kweli, na jasho lilinitiririka mgongoni kama mwongo. Nilimtazama Mwalimu. Hakutikisa kichwa wala kutabasamu. Aliendelea kunitazama, na nikajua kwamba hilo nitakaa nalo.

"Asante, balozi," akasema Bi Ulezi, na kitaa kikazimika.

Bi Mwajabu akainuka kwenye mkeka, maua kichwani, hina haijakauka vizuri. Mzee Mbaruku akataka kumshika, akamkatalia. Akamfungua Mwandani kanga kiunoni, akaikunja, akaifikiria, akamfunga tena. Kisha akamshika mkono, na safari hii yeye ndiye aliyeongoza, akipapasa njia kwa miguu katikati ya watu waliompisha, mpaka goti lake likagusa kiti cha magurudumu.

"Perpetua," alisema. Miaka yote sijamsikia akimwita hivyo. "Huyu ni wako. Nisamehe, nimechelewa kumleta."

"Umechelewa sana, Mwajabu," Mwalimu akasema. Hakulainisha hata herufi moja.

Bi Mwajabu akabaki amesimama, kichwa kimeinama, akingoja. Mwalimu akanyoosha mkono, akamshika kiganja chenye hina mbichi, rangi ikamchafua vidole, na hakumwachia mpaka tulipolisikia gari la Handeni likigeuza na kuondoka tupu.